Siku saba kwenye meli ya kitalii kipindi cha korona: usafi nawapa nane, hewa nawapa nne

Nilisema nikitulia ntaandika, sasa nimetulia. Jina la meli silitaji, nataka mtu anayepanga safari aangalie vitu vyenyewe, meli yoyote atakayopanda avikague hivyo hivyo.

Safari ilikuwa mwisho wa Desemba 2021, ile aina mpya ya korona, Omicron, ndo imeanza kupanda, siku saba, mimi na mama. Mama ana miaka 68 na ana presha. Ukiwa peke yako unaweza kujipa moyo lakini ukiwa na mzazi pembeni kila anayekohoa unamsikia hata kama yuko meza ya tano.

Kabla ya kulipa nilisoma sana habari za Diamond Princess, ile meli ya kitalii iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, Februari 2020, watu 3,711 ndani na 712 wakakutwa na virusi. Wengi tunakumbuka abiria waliofungiwa kabini, tunasahau kwamba mabaharia waliendelea kupika na kugawa chakula mlango kwa mlango huku wenyewe wanalala vyumba vya pamoja na kula pamoja, yaani karantini ilikuwa ya upande mmoja. Kwa hiyo nikawaandikia hawa wenye meli yetu maswali matatu: mabaharia wote wamechanjwa? hewa ya kabini inatoka nje au ni ile ile inazungushwa? na mtu akiumwa mnamuweka wapi? La kwanza walijibu siku hiyo hiyo, wote wamechanjwa. La tatu walijibu baada ya kuuliza mara mbili. La pili sikujibiwa, nikatumiwa kipeperushi chenye picha ya mhudumu anafuta meza. Nilitakiwa nijue pale pale.

Kupanda kulienda vizuri sana, watu waliitwa kwa zamu hakuna kubanana, cheti cha chanjo, majibu ya kipimo kisichozidi siku mbili, fomu ya dalili, halafu unapita mbele ya kamera ya joto. Lile zoezi la usalama la kujua ukimbilie wapi meli ikipata ajali, zamani mlikuwa mnasimamishwa mamia sehemu moja mmevaa majaketi ya kuokolea, safari hii unaangalia video kwenye simu kisha unaenda mwenyewe kituo chako wanakuhakiki basi. Hilo wasilirudishe kama zamani.

Ila fomu na kamera vinamkamata mkweli tu. Siku ya pili jirani yetu wa mezani akatuambia bila wasiwasi kabisa kwamba asubuhi ya kupanda alijisikia homa homa akameza paracetamol mbili, akapita. Nilihamisha meza siku ile ile na mhudumu mkuu wa mgahawa wala hakuuliza sababu, nadhani alishazoea.

Usafi kwa kweli wanajua. Bufee hushiki kijiko, unaonyesha unachotaka unawekewa. Mlangoni kuna masinki na mtu kasimama hapo, huingii bila kunawa, na hili watu walikuwa wanalalamika eti sanitaiza si ipo. Jamani sanitaiza ya alkoholi kwa korona inasaidia lakini kwa norovirasi, yule wa kutapika na kuharisha ambaye kwenye meli yupo miaka na miaka kabla ya korona, haifanyi kazi vizuri. Ni sabuni na maji sekunde 20 usugue. Mama alikuwa ananawa mpaka vidole vikakauka ikabidi nimtafutie mafuta. Kingine, kama meli yako inatia nanga Marekani basi CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huwa wanazikagua na kuzipa alama kwa 100, ikipata 85 kushuka chini imefeli, ripoti ziko wazi mtandaoni, dakika kumi tu unasoma jikoni kulikutwa nini. Ya kwetu niliisoma, ilikuwa na makosa madogo ya friji, nikaridhika.

Sasa hewa. Hapa ndo nimekasirika na bado nna hasira. Nguvu yote ilikwenda kwenye kufuta, reli za ngazi zinafutwa, vitufe vya lifti vinafutwa, mpaka kadi unayopewa mkononi imefutwa, wakati huu ni ugonjwa unaosafiri kwenye hewa tunayopumua. Ukumbi wa maonyesho hauna dirisha hata moja, umejaa, na barakoa zinavuliwa manake ukiwa na kinywaji mkononi unaruhusiwa, na kinywaji kila mtu anacho. Lifti walibandika alama za watu wanne, wanaingia tisa na hakuna wa kuwaambia kitu. Nilimuuliza ofisa mmoja kuhusu vichujio vya hewa akanijibu meli inasafishwa usiku kucha. Sikuuliza usafi!

Kilichotuokoa ni kabini yenye balkoni. Ni ghali kuliko ya ndani isiyo na dirisha lakini wakati wa mlipuko mimi naihesabu kama vifaa tiba. Tulifungua mlango wa balkoni muda wote tulipoweza, chakula cha jioni tulikula hapo siku nne kati ya saba, na mchana tulikaa deki ya juu upande wenye upepo. Ndani tulivaa barakoa za N95 zinazochuja hewa vizuri, sio zile za kitambaa.

Siku ya tano mama akaamka koo linauma. Nilipiga kliniki ya meli, simu ikapokelewa baada ya dakika 40 hivi. Nikaambiwa tusitoke, na baada ya muda akaja nesi kajifunika kila kitu, mpole sana, akampima mama, hana. Akasema tutarudia kesho yake. Kesho yake ikatoka anayo. Wakamhamishia deki nyingine kwenye kabini za wagonjwa, nayo ina dirisha nashukuru, na mimi nikabaki peke yangu nikipimwa. Chakula kinaachwa mlangoni kwenye vyombo vya kutupa, wanagonga wanaondoka. Nesi alipiga kila asubuhi na jioni, hapo nawapa tisa. Oksijeni ya damu alikuwa anajipima kwa kile kifaa cha kidoleni nilichobeba na kunisomea kwa simu, asilimia 96, 95, 96, usiku ule sikulala. Alipona vizuri.

Lakini sikieni hili. Mama alitaka kunificha. Aliniambia baadae kwamba koo lilianza kuwasha tangu usiku wa siku ya nne akanyamaza, aliogopa kufungiwa na aliogopa bili. Na hakukosea kuogopa, kwenye makaratasi imeandikwa wazi kwamba matibabu ya kliniki anajilipia abiria. Sasa meli ikimtoza mtu kwa kusema anaumwa, nani atasema? Yule wa paracetamol na mama yangu wamefanya kitu kile kile kwa sababu ile ile. Kipimo cha mwenye dalili kingekuwa bure na simu ingepokelewa haraka, ingesaidia kuliko kufuta reli mara mia.

Sisi tulikuwa na bima na nilishaisoma mpaka mwisho, ilikuwa inataja korona kwa jina na kusafirishwa kwa dharura kutoka baharini, nyingine zilikuwa haziilipii korona kabisa kwa hiyo soma. Dawa za presha nilibeba za wiki tatu kwa safari ya siku saba, kwenye begi la mkononi, na tulibaki siku nne zaidi hotelini baada ya kushuka kwa hiyo zilitumika.

Siku ya kushuka wakanitumia fomu ya maoni. Chakula, taulo, burudani, tabasamu la wahudumu, maswali ishirini na kitu, la afya hakuna hata moja. Kwenye nafasi ya mwisho ya mengineyo nikaandika: fungueni madirisha, na msimtoze mtu anayewaambia ukweli.