Kutoka chumba cha kupanga Kurasini hadi nyumba yangu Chamazi: uzoefu wangu na ushirika wa nyumba

Wiki iliyopita shoga yangu, mpangaji wa Mtoni, alinipigia kuuliza kama ajiunge na kikundi cha ushirika wa nyumba kilichoanza mtaani kwao, au aendelee kudunduliza anunue kiwanja peke yake. Salio liliisha kabla ya maneno. Naandika hapa ili asome yeye, na wapangaji wengine wenye swali hilohilo.

Mimi nilikuwa Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, chumba kimoja na watoto watatu, nikipikia vibarua wa bandarini. Mwaka 2008 watu wakahamishwa ili bandari ipanuliwe. Fidia ya nyumba huhesabiwa kwa kuta na mabati, na mpangaji hana ukuta. Nilitoka na magodoro, masufuria na watoto.

Nilikuwa pia na daftari la akiba. Shirikisho la watu wa kipato cha chini mijini lilianza hapa nchini mwaka 2004, likisaidiwa na shirika lisilo la kiserikali, Centre for Community Initiatives, ambalo sisi tunaliita CCI tu, na lina undugu na vyama vya namna hiyo Kenya, India na Afrika Kusini kupitia SDI, mtandao wa kimataifa wa wakazi wa mitaa ya mabanda. Kwetu lilikuwa ni kikundi cha akina mama wa mtaa. Mkusanyaji anapita mlangoni, unampa ulichojaliwa siku hiyo, hata mia mbili, anaandika kwenye daftari lako na kwenye la kikundi. Kabla ya kuhama tulikuwa tumezunguka nyumba kwa nyumba tukijihesabu wenyewe: huyu mwenye nyumba, huyu mpangaji, analipa kodi kiasi gani, anakula kwa kazi gani. Wakati ule niliona tunapoteza muda. Baadaye nikaelewa, kwa sababu ukienda ofisini na kilio utapewa pole, lakini ukienda na orodha ya kaya lazima mtu afungue faili.

Kwa akiba hizo za mia mbili na mia tano ikanunuliwa ardhi Chamazi, pembezoni mwa jiji, ekari 30 kwa shilingi milioni 24. Piga hesabu, ni laki nane kwa ekari. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeingia sokoni peke yake akapata bei ile, maana muuzaji hakukatii kipande cha mpangaji. Mpango ulikuwa wa familia kama 300.

Kazi ngumu ikaanza baada ya kununua, na hapa ndipo wengi wanaojiunga huwa hawajui wanaingia wapi. Kanuni za mipango miji zilitaka kiwanja kisipungue mita za mraba 400. Kwa kiwango hicho ekari zetu zisingetosha watu wetu, na bei ya kila kiwanja ingetupita. Ikabidi kujadiliana na mamlaka hadi vikakubaliwa viwanja vidogo zaidi. Kiwanja kikiwa kidogo, huwezi kuchimba shimo la choo kila nyumba, tutanyweshana uchafu. Ndiyo maana majitaka yetu yanakwenda kwa mabomba hadi sehemu moja ya kusafishwa, na maji safi yanatoka kwenye kisima cha jumuiya. Mtu anayenunua kiwanja chake mwenyewe hukutana na mambo haya moja moja, bila mtu wa kumuuliza, na mara nyingi akishajenga.

Matofali tulifyatua wenyewe, yale ya kufungamana. Unachekecha udongo, unachanganya na saruji kidogo, maji unayapima kwa mkono: finyanga donge, liachie lidondoke, likisambaa vipande vichache limekubali, likibaki zima limezidi maji. Mmoja anajaza kasha la mashine, mwingine anavuta mkono wa mashine kwa uzito wa mwili mzima, wa tatu anapokea tofali kwa viganja viwili kama anapokea mtoto mchanga, maana likiguswa pembe bado bichi linamomonyoka. Kisha kivulini, chini ya nailoni, na kumwagilia asubuhi na jioni. Nilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Tofali la namna hii lina ulimi na mfereji, linakaa juu ya mwenzake bila udongo mwingi wa kujengea, na hapo ndipo saruji inapookolewa. Leo nikipita ukutani kwangu nayajua matofali ya wiki ya kwanza, yana kingo mbayambaya. Sikuyapiga lipu. Nayapenda.

Fedha za kujengea ni mkopo wa Mfuko wa Jenga, mfuko wa mikopo wa shirikisho letu. Unakopa, unajenga, unarejesha, na marejesho yako yanamjengea mwenzako aliye kwenye foleni. Mimi nilianza na chumba kimoja na choo, msingi ukiwa umeachiwa nafasi ya kuongeza.

Sasa upande mchungu. Riziki yangu ilibaki bandarini. Nilikuwa natoka Chamazi saa tisa usiku, daladala hadi Rangi Tatu, nyingine kushika Barabara ya Kilwa, na nauli ikala faida ya sahani kumi. Nikachelewa marejesho miezi minne. Siku ya tano ya mwezi uliofuata wakaja akina mama watatu wa kikundi, wakaketi kwenye mkeka wangu, wakafungua daftari. Hakuna aliyepaza sauti. Mmoja aliniuliza, "Mama, unapika sahani ngapi, na nauli shilingi ngapi?" Tukahesabu pamoja tukaona nafanya kazi ya kumlipa konda. Tukakubaliana nirejeshe kidogo kidogo kila wiki badala ya mwezi, nikaacha bandari, nikaanza chai na vitumbua hapa hapa. Siku za mechi pale uwanja wa Azam nauza hadi ndoo inabaki tupu. Lakini wapo ambao kazi yao haihamishiki. Mpagazi wa bandarini hawezi kuihamishia bandari Chamazi, na kwa mtu kama huyo nyumba ya mbali ni mzigo hata ikiwa nafuu.

Kwa hiyo, shoga yangu, kama una haraka ya kuingia kwako ndani ya mwaka mmoja, ushirika utakuchosha. Mikutano ni mingi, na akiba ya kila siku inahitaji moyo. Kama unaweza kuvumilia, mimi ningekuambia jiunge, kwa sababu chumba changu cha pili nimekiezeka mwaka ambao nisingekuwa nimemaliza hata kulipia kiwanja. Ila usitoe hata shilingi kabla hujajua ardhi inaandikwa kwa jina la nani, na kabla hujaona daftari lako na la kikundi yakisema kitu kimoja.

Jumapili nakuja Mtoni. Waombe wenzako wayalete madaftari mkutanoni, tuyasome wote.