Maresha, jembe la Uhabeshi: jepesi begani, zito kwa maksai

Kwa wepesi na urahisi wa matengenezo, jembe hili la kukokotwa na maksai halina mpinzani. Maresha limelisha himaya ya Uhabeshi hadi ilipoanguka mwaka 1974, na mpaka leo linalima nyanda za juu za Ethiopia. Mti mrefu, mofer, hufungwa kwenye nira kwa ukanda wa ngozi. Nyuma kuna erf, mkono wa kushikia. Ncha ya chuma huvishwa chini, na mabawa mawili ya mbao, deger, husukuma udongo pembeni. Jioni mkulima analitia begani. Mbao zikivunjika anachonga nyingine. Kwa mhunzi inakwenda ncha tu.

Kasoro iko kwenye mfuo. Maresha linapasua udongo, haligeuzi. Mfuo unatoka kama V, na kati ya mfuo na mfuo kinabaki kipande kisichoguswa. Ndiyo maana kila awamu ya kulima lazima ikatize ile iliyotangulia. Teff, nafaka ya chakula ya Ethiopia, ndiyo inayotesa zaidi: mbegu ni ndogo kama chembe ya mchanga, magugu yanaizidi nguvu upesi, kwa hiyo shamba hulimwa mara nne au tano kabla ya kupanda Julai au Agosti. Penye mteremko, kukatiza ni kulima kushuka bondeni, na mvua za kiremt, Juni hadi Septemba, zinapata mfereji wa kuondokea na udongo.

Sasa piga hesabu. Timad ni eneo ambalo jozi ya maksai hulima kwa siku, kama robo hekta. Hekta moja, awamu nne: siku kumi na sita, ingawa za mwisho huenda haraka kidogo. Bei halisi ya maresha, basi, ni maksai. Enzi za himaya, mwenye maksai mmoja aliungana na jirani mwenye mmoja. Asiye naye aliazima, akalipa kwa jasho. Juu ya hapo, mwenye haki ya gult, yaani haki ya kutoza wakulima wa eneo aliyopewa na mfalme, alidai sehemu ya nafaka na siku za kazi shambani kwake.

Plau ya chuma inayogeuza udongo hupunguza awamu, lakini ni nzito mno kwa maksai waliokonda mwishoni mwa kiangazi. Kwenye mawe na miteremko, chagua maresha. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, subiri mvua ilainishe kwanza. Ukikauka ncha haizami, ukilowa sana unanata. Na kabla ya kumwaga teff, pitisha mifugo ikanyage shamba lishikamane: mbegu ikitumbukia ndani ya mabonge, haioti.