TAHADHARI: Madalali wanaouza "makaratasi ya kuasili mtoto"

Wapo wanaojitangaza mitandaoni kwamba watakupatia mtoto wa kuasili ndani ya wiki chache, "bila usumbufu wa mahakama". Usitume hela. Kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine awe wako kisheria, hukamilika kwa amri ya mahakama, au ya mamlaka iliyopewa kazi hiyo na sheria. Dalali hana uwezo wa kuitoa.

Anachokuuzia huwa mojawapo ya karatasi tatu. Kuna hati ya kiapo yenye muhuri wa wakili, mama akieleza kuwa amekupa mtoto. Kiapo kinaonyesha tu kwamba mtu ametamka jambo. Hakimvui mama haki zake wala hakikuvishi wewe. Kuna amri ya ulezi, na hii inanasa wengi kwa sababu inaweza kuwa halali kabisa. Lakini mlezi hageuki mzazi: waliomzaa mtoto wanabaki wazazi wake, amri yenyewe inaweza kutenguliwa, na urithi hauji wenyewe. Mbaya kuliko zote ni cheti cha kuzaliwa chenye jina lako, kana kwamba ulijifungua wewe. Huko ni kughushi, na hufichuka miaka baadaye kwenye pasipoti, mirathi au kipimo cha vinasaba. Hapo unaweza kukabiliwa na kesi ya usafirishaji haramu wa watoto, na mtoto akaondolewa nyumbani.

Sikiliza pia wanavyozungumzia ridhaa. "Mama ameshasaini, anajifungua mwezi ujao." Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili baina ya nchi unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa, bila kushawishiwa kwa malipo, na sheria za nchi nyingi zinafuata njia hiyo hiyo. Nyingi pia humpa mama muda wa kubadili mawazo. Baba naye je? Akiwa anatambulika kisheria na hakushirikishwa, anaweza kupinga shauri zima.

Mara nyingi huyo mjamzito hata hayupo. Picha ya utrasaundi imeokotwa intaneti na kutumiwa familia kadhaa kwa mpigo. Zinaanza hela za matunzo, zinafuata za upasuaji wa dharura, kisha "mtoto yuko kwenye mashine ya joto, hospitali haimtoi bila malipo". Ajabu, dharura hizi hupenda kutokea ofisi zikiwa zimefungwa.

Gharama halali zipo: ada ya wakili, ya mahakama, vipimo vya afya, ripoti ya ustawi wa jamii. Kila moja ina stakabadhi yake na hulipwa kwa ofisi husika, si kwa simu ya mtu binafsi. Ukitajiwa kiasi kimoja cha jumla, au bei ya mvulana tofauti na ya msichana, hiyo ni biashara ya watoto.

Omba namba ya leseni, kisha ipigie mamlaka inayoitoa kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Uliza inaisha lini na inaruhusu nini hasa. Leseni ya kuendesha makao ya watoto si lazima iwe ruhusa ya kuasilisha. Ukioneshwa amri ya mahakama, chukua namba ya shauri uihakiki masjala. Na mtu akikwambia afisa ustawi hana haja ya kuja kukagua nyumba yako, achana naye papo hapo.

Kama umeshalipa, usifute ujumbe wowote. Hifadhi namba za miamala, ijulishe benki au kampuni ya simu mara moja, kisha polisi. Kama mtoto tayari yuko kwako, usimfiche wala usimrudishe kwa dalali: tafuta wakili wako mwenyewe leo, muende pamoja ustawi wa jamii. Na atakayekupigia baadaye akidai anaweza kukurudishia hela kwa ada kidogo, huenda ni genge lile lile.