Wavu wa bwawa: nililipia ulinzi, nikaletewa mtego

"Mama, mimi nauza nyavu, siuzi askari." Hilo ndilo jibu nililopewa kwa simu na mwenye duka la nyavu, saa sita mchana, nimesimama matopeni, na mbele yangu kenge mzima kajifunga kwenye wavu nilioulipia shilingi 12,000 pamoja na ufundi. Bei nimeshaisamehe. Jibu lile bado.

Nyuma ya nyumba yangu hapa Malindi nina kibwawa cha perege, na kijimfereji cha kama hatua kumi kinachoteremka juu ya mawe ya matumbawe. Pampu inayapandisha maji, yanashuka tena, na mimi na kahawa yangu jioni hatutaki kingine. Bibi yangu wa Lamu alifuga visamaki kwenye birika, yaani tangi la maji, wale viluwiluwi vya mbu, wala hakuwahi kuhangaika na wavu. Lakini birika ya bibi ilikuwa ndani ya nyumba. Mimi nimejenga uwanjani, na habari zimeenea. Alfajiri kulastara, kasimama kwa mguu mmoja kama mdai. Baadaye tumbili. Jua likishapasha mawe, kenge. Na nguchiro wakati wowote wajisikiapo.

Kulastara anakula samaki, basi. Hasara yangu kubwa iko kwa hawa wanaobinua mawe ya mfereji kutafuta vyura na konokono. Jiwe likitoka mahali pake, ukingo wa ile nailoni nyeusi ya chini unalala, maji yanatorokea kwenye mapapai, bwawa linashuka, pampu inabaki kuvuta hewa mpaka iungue. Haya yote nilimweleza mwenye duka, kwa kinywa changu, mara mbili: bwawa NA mfereji. Akaitikia "sawa, sawa" macho yakiwa kwenye simu. Hapo ningeondoka.

Siku ya kazi, bwawa lilifungwa vizuri, nisiseme uongo. Wavu ulivutwa ukakaza kama kitanda cha kamba. Mfereji ndio uliotupiwa makombo: kipande cha wavu mwembamba wa uzi wa plastiki, kimelegea, kimegandamizwa kwa vikokoto. Nikauliza, hiki kitazuia nini? Mwenye duka, aliyekuja kukagua, akasema, "Mnyama akiuona tu harudi." Na mimi nikalipa! Wavu wenyewe ulikuwa hauonekani hata kwangu mwenye miwani.

Haikupita wiki nyingi, kusi lilikuwa halijashika vizuri, nikarudi kutoka sokoni na kikapu changu nikasikia pampu inalia kama paka. Kenge alikuwa ameingiza kichwa na mkono mmoja kwenye lile wavu legevu, akajizungusha, na kila alivyojizungusha akaburuta wavu na mawe pamoja. Mfereji mzima ulikuwa umefumuka. Nyuzi zimemkata chini ya kwapa, ulimi unatoka na kurudi, unatoka na kurudi. Nilimhurumia, naapa. Mpwa wangu alimfunika kichwa kwa gunia, mimi nikakata kwa mkasi wa jikoni, uzi mmoja mmoja, na mkia ukanichapa kwenye muundi hadi leo pana alama. Alipotoka hakukimbia. Alitembea taratibu hadi ukutani, kama mtu aliyetukanwa.

Ndipo nikapiga simu, nikajibiwa ya askari. Halafu akaongeza kwamba mfereji "haukuwa kwenye hesabu". Waswahili husema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Wangu kumbe alikuwa nyuma ya kaunta.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuandika: msinunue, msikanyage pale. Kisha jioni moja akabisha hodi yule kijana msaidizi wake, na baiskeli, bila kutumwa na mtu. "Shikamoo shangazi. Nimesikia habari za kenge, sikulala vizuri." Akakaa kazini hadi adhana ya isha. Aling'oa nyuzi zote nyembamba. Akainua ukingo wa nailoni pande zote mbili za mfereji, akaugandamiza kwa mawe ambayo mimi peke yangu siwezi kuyasogeza, na yale madogo akayashika kwa saruji. Juu akapinda vyuma kama matao, akavuta wavu mnene mweusi uliobaki, shibiri moja na zaidi kutoka majini, ukingo wote umechomekwa ardhini. Na bwawani akazamisha vipande vya bomba pana, perege wapate pa kujificha. Nikampa hela, akachukua nusu.

Tangu siku ile mawe hayajasogea. Kulastara huja akatazama, akaondoka. Jirani alinishauri nitege sumu, nikamwambia sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezewi, tena paka wake yeye ndiye angetangulia kufa.

Basi nasemaje? Ule wavu mnene ni mzuri. Ni mzuri sana, nakiri, ukifungwa na mtu mwenye haya. Nilikaribia kulisifu duka kwa ajili ya yule kijana. Lakini pampu iliyoungua nimenunua nyingine kwa pesa yangu, na mwenye duka hajasema hata pole, kwa hiyo hapana, silisifu. Nendeni mkamuulizie kijana nje, penye kivuli cha mkungu, mlango wa duka mpite.

Juzi yule bwana kanitumia ujumbe. Hakuuliza pampu, hakuuliza mguu. Anaomba picha ya bwawa langu aweke kwenye tangazo lake. Nimemtumia ile ya kenge.