OBS Studio na ZoomIt: video safi ya skrini bila kuhariri

Wanaofundisha kazi za kompyuta hapa Mombasa, kuanzia saiba za Mwembe Tayari zinazojazia wateja fomu za kodi za iTax hadi walimu wa masomo ya jioni, hukwama mahali pamoja. Kurekodi ni rahisi, kukatakata baadaye ndiko kunakomaliza usiku. Programu hizi mbili za bure huondoa kazi hiyo ya pili, mradi kila kitu kipangwe kabla ya kubonyeza kitufe. OBS Studio, ya Windows, Mac na Linux, ndiyo inayorekodi. ZoomIt ya Microsoft hukuza sehemu ya skrini na kuchora juu yake huku ukiendelea kuongea.

Kinachoiweka OBS mbele ni kitufe cha kusitisha. Ukurasa ukijivuta, unasitisha, unasubiri ufunguke, unaendelea. Mtazamaji ataona umefunguka papo hapo. Kuna mtego lakini. Kitufe hicho hakionekani kabisa ikiwa ubora wa kurekodi umeachwa kwenye "Same as stream". Ingia "Settings", kisha "Output", uchague "High Quality, Medium File Size". Usivutwe na "Lossless": OBS yenyewe huonya kuwa inaweza kumeza zaidi ya GB 7 kwa dakika. Halafu nenda "Hotkeys" uvipe kuanza, kusitisha na kuendelea vitufe vya kibodi, ili OBS ikae chini isionekane. Ukiiacha wazi huku unarekodi skrini nzima, utapata handaki la skrini ndani ya skrini.

Kusitisha hakufuti ulichokwisha kusema. Kwa hiyo gawa somo katika vipande vya dakika mbili au tatu, kila kimoja faili lake. Kipande kikiharibika, unarudia hicho tu. Sitisha kila mwisho wa hatua, soma karatasi yako, rudisha kishale pale kilipokuwa, ndipo uendelee.

Aina ya faili ni jambo la kuangaliwa sana mji huu, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri. MP4 ya kawaida huandika maelezo yake muhimu mwishoni. Stima ikikatika katikati, faili zima halifunguki. MKV hubaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ya giza. Rekodi kwa MKV, kisha tumia "Remux Recordings" kwenye menyu ya "File" kuigeuza MP4. Ni kazi ya sekunde chache kwa sababu picha haitengenezwi upya. Tangu toleo 30.2 la mwaka 2024 ipo pia MP4 mseto inayostahimili kukatika hivyo.

Laptopu nyingi za mitumba zina skrini ya 1366 kwa 768. Ishushe iwe 1280 kwa 720 kwenye Windows, na uweke vipimo hivyohivyo kwenye "Video" ndani ya OBS, fremu 30 kwa sekunde. Machoni pako maandishi yatafifia kidogo, ila rekodi itatoka kali, maana OBS huchukua nukta zenyewe, si mwonekano wa kioo. Na kwa kuwa wengi watatazama kwa simu, kuza ukurasa wa kivinjari hadi asilimia 125 au 150.

Sauti ndiyo hutofautisha video ya kitaalamu na ya kubahatisha. Feni haizimiki kwa joto hili, basi weka kichujio cha "Noise Suppression" cha aina ya RNNoise kwenye maikrofoni. Mvumo wa feni hupungua sana. Honi za tuktuk, kunguru na adhana ni habari nyingine: hizo hazina mvumo wa kudumu, na kichujio kikijaribu kuziondoa hutafuna maneno yako. Funga dirisha, au subiri. Kimo cha sauti kicheze kwenye rangi ya manjano, kati ya desibeli -20 na -9. Kikigonga mwisho wa nyekundu, yaani desibeli 0, sauti itapasuka, na hakuna kichujio kitakachoiponya.

ZoomIt haina mengi, na hilo ndilo jema lake. Ctrl+1 hukuza, Ctrl+2 huchora, Esc hutoa. Unapochora, R ni nyekundu, G kijani, na ukishikilia Ctrl huku ukiburuta unapata mstatili wa kuzungushia kisanduku cha fomu. Ctrl+1 hukuza picha iliyoganda, kwa hiyo haifai kuonyesha kitu kinachosogea; kwa hicho tumia Ctrl+4. Jambo moja huwashinda wengi: OBS ikinasa dirisha moja tu, michoro ya ZoomIt haitokei. Chagua "Display Capture". Ikileta weusi mtupu kwenye laptopu yenye kadi mbili za picha, nenda mipangilio ya picha ya Windows uiwekee OBS hali ya kuokoa nguvu.

Kunasa skrini nzima maana yake kila kitu kinaingia, pamoja na ujumbe wa WhatsApp. Zima arifa. Kurasa za iTax na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, zikionyesha jina au PIN ya mteja, ongeza "Color Source" ndani ya OBS kama kiraka juu ya sehemu hiyo. Usishushe ukurasa kikiwapo, maana kiraka hakifuati maandishi.

Mwenye Mac na pesa anaweza kuangalia Screen Studio, inayokuza yenyewe kila unapobofya. Loom ni nyepesi, ila hupandisha kila kitu mtandaoni na kula bando. Game Bar ya Windows hairekodi eneokazi, basi isikupotezee muda.

Ukituma video kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikienda kama video hubanwa, na herufi ndogo za fomu ndizo za kwanza kupotea.