Seti zangu tatu za chai kutoka masoko ya Lubumbashi

Dada zangu na mashemeji wakija nyumbani huniuliza swali moja: nikitaka seti ya chai, nichukue ya zamani au mpya? Mimi naanza na buli. Vikombe viwe vizuri namna gani, buli likitiririsha chai kidevuni mwake na kulowesha kitambaa cha meza, seti hiyo itakaa kabatini tu. Kwa hiyo nitazipima seti zangu tatu kwa namna zinavyomwaga chai kwanza, halafu sura, halafu bei.

Ninayoipenda zaidi ni ya Kiingereza, Royal Albert yenye maua ya waridi, mtindo unaoitwa Old Country Roses ulioanza kutengenezwa mwaka 1962. Niliikuta kwa mama mmoja anayeuza vyombo vilivyotumika karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Vyombo vya Kiingereza hutufikia sana kutoka upande wa Zambia, vikipitia mpaka wa Kasumbalesa. Ilikuwa imepungukiwa vikombe viwili, na ndiyo maana tulielewana kwa dola 70. Mama yule hakuona vibaya nilipomwomba maji. Alinijazia buli mwenyewe, tukamimina. Mkondo ulitoka mwembamba, ulionyooka, na nilipoliinua buli ukakatika pale pale bila tone kubaki mdomoni.

Hicho ndicho kipimo ambacho sikiruki. Angalia pia kama ncha ya mdomo wa buli inafika juu sawa na ukingo wa tundu la kifuniko au kuupita, kwa sababu ikiwa chini chai itamwagika kabla buli halijajaa. Kifuniko kiwe na kitundu cha kuingiza hewa, na kiwe na kijino cha kukizuia kisianguke unapoinamisha. Ndani, pale mdomo unapoanzia, pawe na matundu ya kuzuia majani. Sisi wengi tunapika chai ya majani, si ya vifuko, na tundu moja kubwa litakuletea majani yote kikombeni.

Vikombe vya seti hii ni vya kaure iliyochanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, ufundi uliokamilishwa kwenye kiwanda cha Spode huko Stoke-on-Trent mwishoni mwa karne ya 18. Majivu hayo yanaweza kufikia nusu ya mchanganyiko wote. Washa tochi ya simu ndani ya kikombe, weka vidole nyuma: utaona kivuli chavyo. Watu wanauona wembamba ule wanadhani kitavunjika wakikigusa, kumbe kaure hii ni ngumu kuliko vikombe vingi vinene vya udongo. Nyumbani kwangu vinatumika kila Jumapili baada ya misa, watoto wakiwepo. Tahadhari yangu ni moja: ukingo una dhahabu, kwa hiyo naviosha kwa mkono na sabuni laini, wala sivipeleki kwenye mikrowevu.

Seti ya pili ni ya Boch, fayansi ya Kibelgiji kutoka La Louvière. Kiwanda kile kilianzishwa mwaka 1841 na kikafungwa mwaka 2011. Hapa kwetu vyombo vyake si ajabu. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mashirika ya madini yalileta Wabelgiji, wakafuata Wagiriki, Wataliano na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kila nyumba na kabati lake. Wengi waliondoka mwaka 1960, mwaka wa uhuru, wengine baada ya Mobutu kutangaza uzairishaji, yaani biashara za wageni kupewa Wazaire, tarehe 30 Novemba 1973. Vyombo vilibaki kwa wapishi, kwa majirani, kwa walionunua nyumba. Nikiishika seti hii nafikiri habari hizo zote, na nakiri napenda sana samawati yake iliyopigwa kwa kiolezo, na buli lake la tumbo pana.

Lakini kwa kunywea siipendekezi. Fayansi ni udongo unaofyonza maji, unaolindwa na tabaka la kioo juu yake tu. Miaka ikipita tabaka hilo hupasuka nyufa nyembamba, chai ikapenya chini na kuacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Tena vyombo vya zamani vyenye rangi upande wa ndani vinaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu, na limau huitoa risasi hiyo. Kwangu seti hii inakaa juu ya kabati, na sukari ya vipande ndiyo pekee ninayoiweka ndani ya kibakuli chake. Nililipa dola 40, na kwa pambo lenye historia ya mji wangu, naona ni bei ya haki.

Ya tatu ni mpya, kaure nyeupe kutoka China, vipande 15 ndani ya boksi, dola 25 mjini. Sina ubaya nayo. Vikombe ni vizito, vinapangana vizuri, na kimoja kikivunjika hutalia. Buli ndilo dhaifu: mpini uko karibu mno na tumbo, vidole vinaungua. Asubuhi za baridi za Juni na Julai mimi huchemshia majani kwenye sufuria pamoja na tangawizi, nikamimina moja kwa moja vikombeni, na maziwa ya unga pembeni. Kwa matumizi hayo seti hii inanitosha kabisa.

Neno kuhusu wauzaji. Mmoja alinionyesha seti akasema, "Hii ni ya zamani sana, mama, ya wakati ya Babelge." Nikaipindua. Chini pameandikwa kwamba chombo kinafaa mashine ya kuosha vyombo. Maandishi hayo hayawezi kuwa ya zama zile za Wabelgiji. Mhuri usomeni daima: jina la nchi peke yake, kama England, lilianza kuenea mwaka 1891 Marekani ilipodai bidhaa zote zinazoingia kwake zitaje zilikotoka. Kwa vyombo vya Japani, neno Nippon lilitumika hadi mwaka 1921. Na kichunguze kikombe kwa macho jinsi mbadilisha pesa anavyokagua noti ya dola akitafuta mchaniko. Hata ile taa yake ya zambarau ya kukagua noti inafaa: gundi na rangi ya kuficha ufa mara nyingi hung'aa tofauti na kaure yenyewe. Kisha gonga ukingo kwa kucha. Kizima hulia kwa sauti ndefu, chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa.

Mtaona pia mabirika ya shaba, kwa kuwa huku ndiko shaba iliko. Ni mazuri mno. Kabla ya kunywea, tazama ndani: pawe pamepakwa bati jeupe pote. Palipochubuka na shaba nyekundu ikaonekana, libaki pambo mpaka fundi alipake upya.

Kwa bibi harusi mwenye bajeti ndogo, nunua ile nyeupe mpya, kisha mtafutie buli zuri lililotumika peke yake. Mabuli yasiyo na vikombe huuzwa kwa bei ya chini sana sokoni, na nyeupe hukubaliana na karibu kila kitu. Hata mimi vikombe viwili vilivyokosekana kwenye seti yangu ya waridi nimeviziba kwa vyeupe, na hakuna mgeni aliyelalamika.