Hilux 2.4 ya dizeli: mafuta yanavyokwenda kati ya Dar na Njombe

Nianze na namba, maana najua ndizo mnazozitafuta. Gari ni Toyota Hilux dabo kebini, 4x4, injini ya dizeli ya lita 2.4 (ile 2GD), gia sita za mkono. Likiwa tupu, watu wawili na mabegi, kwenye lami, mwendo wa 80 hadi 90, linanipa kilomita 12 na nusu mpaka 13 kwa lita moja. Nikikanyaga 110 na kuendelea linashuka hadi 10, na siku ya upepo wa mbele hata hiyo 10 halifiki. Foleni ya Dar ni 8 au 9, inategemea Ubungo imeamkaje. Nikiwa na mzigo wa kilo 800 nikipandisha Njombe napata 10, nikishuka na mzigo wa uzito huohuo napata 11.

Muuzaji aliniapia kilomita 16. Sikumwamini, na nyie msiwaamini wa kwenu. Hata karatasi za kiwandani hazifiki huko. Ukiona kwenye karatasi za gari kama hili lita 7 na kidogo kwa kilomita 100, hiyo ni kama kilomita 13 au 14 kwa lita, na mara nyingi imetoka kwenye kipimo cha zamani cha Ulaya kiitwacho NEDC. Kipimo hicho hufanyika ndani ya jengo, gari likizungusha matairi juu ya roli. Hudumu dakika 20 hivi, umbali wa kilomita 11 tu, na mwendo wa wastani haufiki 35 kwa saa. Kuanzia 2017 Ulaya walianza kukiacha wakaleta WLTP: dakika 30, kilomita 23, mwendo wa juu unafika 131. Hiki kina ukweli zaidi, lakini nacho hakina mlima wa Kitonga ndani yake, wala magunia ya viazi.

Kama hesabu ya lita kwa kilomita 100 inakuchanganya, gawa 100 kwa hiyo namba. Lita 8 kwa kilomita 100 ndiyo 12.5 kwa lita. Basi.

Sasa kuhusu kupima, kwa sababu nusu ya ubishi wa pikapu gani inabana mafuta ni watu wasiopima. Mtu anaweka mafuta ya elfu hamsini, anazunguka nayo siku mbili, mshale unashuka, anakuambia gari linakula. Elfu hamsini siyo kipimo, na mshale ndiyo kabisa, kwenye Hilux unakaa juu kwa muda mrefu halafu ukivuka nusu unaporomoka. Mimi najaza tenki mpaka pampu ijikate, narudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, natembea, narudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, najaza tena mpaka ijikate. Kilomita gawa kwa lita zilizoingia. Hakuna ufundi hapo, isipokuwa kitu kimoja ambacho watu wa petroli hawakijui: dizeli inatoa povu. Pampu ikiwa na kasi, povu linapanda kwenye shingo ya tenki, mdomo wa pampu unadhani tenki limejaa, unakata. Ukichungulia unaliona povu lenyewe, jeupe, linatetemeka karibu na mfuniko. Subiri lishuke, mwambie kijana aachie polepole, utashangaa zinavyoingia lita nyingine mbili tatu. Lita tatu kwenye tenki la lita 80 zinatosha kukugeuzia hesabu yote. Na kabla hajaanza kumimina, angalia namba zimerudi sifuri na pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Hilo linatuhusu wote, wa dizeli na wa petroli.

Dashibodi nayo inajisifu. Yangu ikisema 13.4, kwa kalamu napata 12.6 hivi. Siyo mbaya, ila siyo ya kufanyia mahesabu ya biashara.

Halafu kuna wale waliobadili matairi. Hilux nyingi za aina hii zinakuja na 265/65 rimu 17. Ukivaa 265/70 tairi linakuwa kubwa kwa asilimia 3 na pointi kadhaa, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za dashibodi, barabarani umetembea kama 1,034. Jirani yangu, wa Land Cruiser, alikuwa analalamika gari limeanza kula tangu avae matairi makubwa. Kweli tairi zito na pana linaongeza ulaji, lakini sehemu ya malalamiko yake ilikuwa ni kilomita ambazo gari lilitembea na halikuzihesabu.

Njia yenyewe. Dar mpaka Njombe ni kama kilomita 700: Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, halafu unakunja kushoto. Ukipita Chalinze mpaka Morogoro barabara imetulia, malori ni mengi, na ukikubali kukaa nyuma yao kwa 80 unapata namba nzuri kuliko sehemu nyingi. Shida ni kwamba hakuna anayekubali. Unatoka kulipita lori kwa 120, unarudi kwenye mstari, mbele kuna lori lingine, unashika breki. Dizeli yote uliyochoma kupata ile kasi umeigeuza joto la breki. Wastani wa mwendo unakuta ni uleule wa mwenye subira, mnakutana Mikumi mjini mnakunywa chai meza moja.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi unalazimika kwenda polepole, kwa karibu kilomita 50 na matuta juu, na faini ya kugonga mnyama siyo ya mchezo. Wengi wanapachukia. Mimi huwa naangalia dashibodi: wastani unapanda pale kuliko mahali popote pengine njiani. Ni kwa sababu upepo unaolizuia gari unakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 kwenda 110 nguvu ya upepo inakaribia mara mbili, na pikapu haikuchongwa kama Prado, sembuse gari dogo. Ina uso kama kabati. Ukifunga na keria juu ya paa, umeongeza mlango wa kabati. Kwa hiyo ukiniuliza kitu kimoja cha kubana mafuta kwenye Hilux, siyo dawa ya kumwaga kwenye tenki, siyo kuchezea programu ya injini, ni kutembea 90.

Kwa pesa ni hivi. Tuchukue lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi (kwa Dar, dizeli ilivuka hapo mwaka 2022). Kilomita 700 kwa 12.5 ni lita 56, shilingi 168,000. Zilezile kwa 10 ni lita 70, shilingi 210,000. Elfu arobaini na mbili kwa upande mmoja tu, na ulichonunua nacho ni pengine saa moja, kama trafiki hawajakusimamisha Ilula.

Kitonga ndipo pikapu zinapojulikana. Mlima unaanza ukishaiacha Ruaha Mbuyuni nyuma, kona juu ya kona, ukuta wa jabali upande mmoja na bonde upande wa pili, na foleni ya malori ya Tunduma na Lubumbashi yanatambaa kwa gia ya kwanza. Injini hii nguvu yake ya kuvuta, Nm 400, iko kati ya mizunguko 1,600 na 2,000. Maana yake huna haja ya kuipigisha kelele. Gia ya tatu, mguu umetulia, inapanda. Ukiona mshale wa mizunguko umefika 3,000 unachoma tu. Kosa ninaloliona kwa wengi wanaotoka kwenye magari ya petroli ni kung'ang'ania gia ya tano kupanda, gari linatetemeka, wanazidi kukanyaga, moshi mweusi unatoka nyuma. Ule moshi ni dizeli uliyoilipia ambayo haikuungua.

Hizo tofauti za kupanda na kushuka nilizozitaja mwanzo hazina uchawi. Dar ni usawa wa bahari, Njombe iko karibu mita 2,000 juu. Gari na mzigo na watu ni kama tani 3, na kuzinyanyua tani 3 kimo hicho, bila kuhesabu upepo wala msuguano wa matairi, kunataka kama lita 4 za dizeli peke yake. Kurudi, mlima unakurudishia sehemu yake, ila siyo yote, kwa sababu kwenye kona za Kitonga utashika breki upende usipende. Kwa hiyo mtu akikwambia Hilux yake inampa 14 na nusu, muulize kwanza alikuwa anaelekea wapi.

Na hapa niwaguse madereva wetu wanaotoa gia kwenye mteremko wakidhani wanaokoa mafuta. Kwa injini za zamani za pampu sijui, nawaachia wazee wabishane. Kwa hii ya kompyuta, ukiachia pedali ya mafuta ukiwa ndani ya gia, nozeli zinafunga kabisa, matairi ndiyo yanaizungusha injini, mafuta ni sifuri. Ukitoa gia, injini inabidi ijizungushe yenyewe, kwa hiyo inakula. Umeongeza ulaji na umebaki na breki peke yake kuzuia tani 3 kwenye Kitonga. Mabaki ya malori kule bondeni hayahitaji maelezo.

Mafuta yenyewe. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yakiwa bei chee na watu wanayachanganya kwenye dizeli. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kuyatambua mafuta yaliyochanganywa) mwaka 2010, halafu 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, faida ya mchezo ikapungua. Kwa gari la zamani mchanganyiko ule ulikuwa unapunguza kilomita. Kwa hizi za sasa ni msiba, kwa sababu pampu yake inasukuma dizeli kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 2,000 na inategemea ulaini wa dizeli hiyohiyo kujilainisha. Habari njema ni kwamba tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), kwa hiyo injini ya namna hii haiteswi kama zamani. Mimi nachagua sheli zenye malori mengi ya safari ndefu, nabadili filta ya dizeli kabla ya muda wake, na najaza Dar kabla ya kuondoka. Bei elekezi zinatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kadiri unavyokwenda mbali na bandari lita inapanda bei. Tenki la lita 80 linakufikisha Njombe na bado linabakiza.

Wenye kufikiria kuagiza iliyotumika kutoka Japani: Hilux ilirudi kuuzwa kule mwaka 2017 ikiwa na injini hiihii ya 2.4, lakini ile ina filta ya masizi kwenye ekzosi na inatumia maji ya AdBlue ya kusafishia moshi. Filta hiyo ikijisafisha inachoma dizeli ya ziada, na mizunguko mifupi ya mjini inaifanya ijisafishe mara kwa mara. Ulizia kabla hujatuma pesa.

Kulinganisha kidogo. Shemeji ana Hilux ya petroli ya 2.7, njia hiihii, mguu mwepesi kuliko wangu, anapata 8. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya petroli kwa asilimia 10 na kitu, lakini tofauti kubwa iko kwenye injini yenyewe. Ila yeye akipelekewa bili ya nozeli moja ya kwangu atacheka mpaka jioni. Jirani wa matairi makubwa ana Land Cruiser ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, silinda sita. Hiyo ni 7 kwa lita na haijifichi. Wala hanunui kwa sababu ya mafuta. Ananunua kwa sababu fundi yeyote kuanzia Makete mpaka Mpanda anaijua kwa kuipapasa. Nimepanda pia 2.8 ya GD ya rafiki, ikiwa tupu inazidiwa na yangu kwa kilomita moja hivi, lakini na tani moja mgongoni kupanda tulilingana, yake ikiwa haijatoka jasho. Kama kila wiki una tani moja, chukua 2.8, hiyo ya mafuta usiifikirie.

Na kama hubebi chochote, unaenda Mbezi na Posta unarudi, ukakae kwenye foleni na tani mbili za chuma kwa kilomita 8 kwa lita, kuna IST nyingi sana zinauzwa.

Ninachotaka kujua bado ni Isuzu D-Max ya 3.0. Mwenye nayo anayepita Kitonga na mzigo, weka namba zako hapa, useme na mwendo uliokuwa unatembea.